Ngozi Huangaliwa kwa Mkono

Nyinyi mnaoanza kazi ya thieta, chumba cha upasuaji, mwaka huu, kwanza vueni saa. Pete pia. Kucha zikatwe, hata kama ni za harusi ya dada yako. Haya, sasa tunaweza kuongea.

Nina miaka arobaini na saba na tayari naitwa mstaafu. Ukweli ni kwamba mgongo wangu ndio uliostaafu, mimi nikaufuata. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimeinua na kugeuza watu waliolazwa kwa dawa, na mtu wa namna hiyo ni mzito kuliko gunia la mahindi, kwa sababu gunia halina mikono ya kuning'inia. Nilipomaliza kidato cha nne niliajiriwa Kitale kupiga deki kwenye korido ya upasuaji. Siku moja mhudumu wa ndani hakuja, wakaniita nishike mguu. Sikutoka tena.

Lakini sikukaa mahali pamoja. Nilikuwa Kitale, nikaenda kituo kidogo cha afya Moi's Bridge ambako hakukuwa na upasuaji wowote na nilikaribia kupata wazimu, nikarudi Kitale, mwishowe nikashuka Bungoma. Nikisikia tu kwamba hospitali fulani imenunua meza mpya ya upasuaji, nilianza kukunja nguo. Mama yangu alisema nimerogwa na barabara. Hata leo nikipita Kitale asubuhi, na ile baridi ya kuuma masikio, natamani kuingia kwa mlango wa nyuma nione kama kabati langu bado lina mlango uliolegea.

Kazi yangu haina jina zuri. Mimi ni yule anayeweka mto chini ya kiwiko. Mgonjwa akipona watu wanamkumbuka daktari wa kisu, wachache wanamkumbuka daktari wa usingizi, na anayekumbuka mto bado sijakutana naye. Ndiyo maana kule Bungoma waliniita Mama Mito, na mimi nikafurahi, kwa sababu kabla ya hapo nilikuwa naitwa "wewe".

Sikilizeni jambo lenyewe. Wewe ukilala kitandani kwako unajigeuza mara nyingi bila kujua. Mtu aliyepewa dawa ya usingizi hajigeuzi. Nyama yake inabanwa kati ya mfupa na meza, damu haipiti, na ngozi inaanza kufa kimya kimya huku mashine zote zikionyesha namba nzuri. Upasuaji wa saa moja hauna shida. Ule wa kichwa, hasa wa mishipa ya damu ndani ya ubongo, unaweza kuchukua saa nane. Na mtoto ana ngozi laini, mwili mdogo unaopoa haraka, na kichwa kizito kuliko sehemu nyingine yoyote yake.

Zamani tulijitengenezea vifaa. Sponji tulinunua kwa mafundi wa makochi, tukaikata kwa kisu cha mkate na kuifunika kwa kitambaa kisicho na mshono, maana mshono nao huacha alama. Kisha mtu fulani akatoka semina na akili mpya, ati tujaze glavu maji, tuweke chini ya visigino. Tukajaza. Siku moja, katikati ya upasuaji wa tumbo, glavu ikapasuka. Maji yakatiririka chini ya mashuka na kumfikia daktari kwenye viatu.

"Nani amekojoa?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Si mgonjwa wangu," daktari wa usingizi akasema. "Huyu ana mpira wa mkojo."

"Basi ni nani?"

Watu sita tukatazamana juu ya barakoa. Hakuna aliyetaka kusema ni glavu, kwa hiyo nilisema ni mimi. Mpaka leo kuna mzee mmoja mfagiaji kule Kitale akiniona anauliza kama nimepata dawa.

Hilo ni kosa la kucheka. Lingine silicheki. Kulikuwa na mvulana wa darasa la tatu aliyevunjika nyonga, upasuaji ukawa mrefu. Tulipomaliza nilimkagua kama nilivyosoma kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani: tafuta wekundu. Nikatafuta wekundu. Mtoto alikuwa mweusi kama mimi. Sikuona wekundu wowote, nikaandika kwamba ngozi iko sawa. Siku ya tatu kisigino chake kikafunguka kama mdomo. Alikaa wodini wiki nyingi zaidi kwa sababu ya kisigino, wakati nyonga ilikuwa imepona. Mama yake alikuwa ananiletea ndizi na kunishukuru. Nilitamani anitukane.

Aliyenitukana ni Sista Jelagat, muuguzi mkuu wetu, mama mfupi kutoka Kachibora aliyetembea kama anachelewa mahali. Alinipeleka kwenye kitanda cha yule mtoto.

"Uliangalia?"

"Niliangalia, Sista."

"Na nani alikwambia macho inatosha? Hii karatasi iliandikwa na watu wa ngozi nyeupe, bana. Wao wakiumia wanakuwa kama nyanya. Sisi tukiumia tunabaki hivi hivi." Akaushika mkono wangu, akaugeuza, akaweka mgongo wa kiganja changu kwenye kisigino kizima cha mtoto. "Hapa ni baridi, si ndiyo?" Akauhamishia pembeni mwa kidonda. "Na hapa?"

Palikuwa na joto.

"Sasa bonyeza. Pale inarudi kama parachichi imeiva. Hapa ni kama ile ya keshokutwa. Siku ingine usiniambie umeangalia. Niambie umeshika."

Hayo ndiyo masomo yangu yote ya chuo kikuu, na yalichukua kama dakika mbili. Tumia mgongo wa kiganja, si vidole. Linganisha na sehemu ya jirani. Joto, baadaye ugumu. Ukisubiri kuona, umechelewa.

Sasa niwapeleke Bungoma, kwa mtoto anayeitwa Nafula.

Nafula alikuwa na miaka saba, kutoka upande wa Bokoli, akilelewa na bibi yake, Kukhu Anjelina. Ndani ya kichwa chake, upande wa kushoto, kulikuwa na fundo la mishipa ya damu, kama uzi uliojisokota kwenye cherehani. Fundo hilo lilikuwa limevuja mara moja. Likamwacha na udhaifu upande wote wa kulia: mkono haunyanyuki, mguu unaburuta, na ukimgusa upande huo hasikii. Lingeweza kuvuja tena siku yoyote, na madaktari hawakutaka kufikiria mara ya pili.

Daktari wa kichwa alikuja kutoka Eldoret na timu yake na hadubini yao kubwa. Alituita sote akaeleza. Ili afikie fundo la kushoto, mtoto alale kwa upande wa kulia. Upasuaji wa saa saba, labda nane.

Nikainua mkono. "Daktari, upande wa kulia ndio haujisikii. Na ndio amelalia mwezi mzima."

"Najua," akasema. "Ndiyo maana nimeuliza kama mna mtu wa ngozi. Kidonda kikianza hapo, vijidudu vitapita kwenye damu na kutafuta kichwa nilichofungua. Nikimtoa fundo na akafa kwa kidonda cha nyonga nitakuwa nimefanya nini?"

Kila mtu akanigeukia. Barasa, daktari wetu wa usingizi, akanong'ona, "Mama Mito, umejiweka pabaya."

Asubuhi ya upasuaji nilienda wodini mapema na bakuli langu. Nikamkuta Nafula amekaa kitandani anang'aa kama kiatu cha askari. Kukhu alikuwa amempaka mafuta ya kukamulia, yale ya mkebe, kuanzia utosini hadi kwenye nyayo. Nyuma ya masikio. Kati ya vidole. Katoto kalikuwa kanateleza kwenye shuka.

Msicheke. Nyinyi pia mlipakwa hivyo. Kwetu mtoto hapelekwi mbele ya watu akiwa amepauka. Watu watasema hana wenyewe. Kukhu alikuwa anampeleka mjukuu wake mbele ya madaktari kutoka Eldoret. Alimpaka kwa heshima.

Lakini daktari hufunga mishipa midogo inayovuja kwa kalamu ya umeme, na umeme huo lazima utoke mwilini kupitia bamba la kunata linalobandikwa pajani. Kwenye mafuta bamba halishiki sawasawa. Umeme ukilazimika kutokea sehemu ndogo tu, unachoma, na mtoto aliyelala hapigi kelele. Plasta za macho pia hazishiki, wala za mpira wa kupumulia.

"Kukhu, mulembe," nikamsalimu. "Mtoto amependeza sana. Lakini lazima tumwoshe."

"Nimemuosha jana. Na leo tena."

"Ni haya mafuta."

Akanitazama juu mpaka chini. "Unataka kunitolea mtoto mafuta, apelekwe huko mbele akiwa mweupe kama jivu? Ati watu wa Eldoret waseme Anjelina ameshindwa na mjukuu?"

"Huko ndani hakuna atakayemwona, Kukhu. Tutamfunika wote."

"Mungu atamwona."

Nikaweka bakuli la maji ya vuguvugu kitandani, na sabuni, nikampa kitambaa. "Basi umwoshe wewe. Mimi nishike taa."

Alinuna kidogo, kisha akakunja mikono ya sweta. Na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho ningekikosa kama ningemwosha mwenyewe. Yule mama hakuosha kama watu wanavyoosha sufuria. Kila mahali alipopitisha kitambaa alifuatisha na kiganja. Alipofika kwenye nyonga ya kulia akasimama, akarudi, akapita tena taratibu.

"Hapa sipapendi," akasema.

"Kuna nini?"

"Sijui. Nyumbani nilikuwa namgeuza kila nikimaliza kazi moja. Nikikamua, namgeuza. Nikipika, namgeuza. Tangu tuje hapa mnasema mtamgeuza nyinyi. Hapa sipapendi."

Kwenye faili la wodi ilikuwa imeandikwa kwamba ngozi iko sawa. Nikaweka mgongo wa kiganja. Joto, kidogo sana. Nikabonyeza. Parachichi la keshokutwa.

Nilienda moja kwa moja hadi thieta. Daktari alikuwa anajaribu hadubini. Nikamwambia.

"Kimefunguka?"

"Hapana. Lakini akilalia hapo saa nane, kitafunguka."

Akaiacha hadubini. Tukiahirisha, nyonga ingepona kwa siku kadhaa, lakini fundo lingeweza kuvuja kwenye siku hizo hizo. "Nikimlaza chali sifiki ninapotaka," akasema. "Wewe unasemaje?"

Sijui kama mnaelewa maana ya daktari wa kichwa kumuuliza mtu wa kidato cha nne anasemaje. Nilitaka kuangalia nyuma yangu.

"Tumlaze mshazari," nikasema. "Si ubavu kabisa, si chali. Nimjengee mto mrefu chini ya mgongo na paja ili uzito uende huko, nyonga ikae hewani. Kichwa kigeuke. Ukikosa kidogo, tuinamishe meza."

Akaja, akanilaza mimi mezani kwanza. Ndiyo, mimi, na kilo zangu. Akainama kichwani kwangu akipima kwa macho, huku Barasa akisema, "Tafadhali usimpe dawa, hatuna mtu wa kumwinua." Daktari akasema, "Naweza kufanya kazi hapa."

Nafula akaletwa, amelala. Wote walisimama wakiningoja, na niwaambie wazi, kungojwa na watu kumi wenye glavu kunatoa jasho. Wakati huo ndipo vijana wengi huharakisha. Usiharakishe. Dakika kumi zako asubuhi ni wiki sita za mtoto. Nilinyoosha shuka hadi lisiwe na kunjo hata moja. Nikajenga mto wa mgongo, nikapitisha kiganja chini ya nyonga: kikapita bure, bila kugusa meza. Visigino juu. Kati ya magoti, sponji. Waya za mashine ya moyo nikazitoa zilipolaliwa, kwa maana waya ikilaliwa na mtoto huacha mfereji kwenye ngozi. Bamba likabandikwa kwenye paja la kushoto, pakavu, penye nyama. Sikio la kulia nikalinyoosha kwenye mto wa jeli uliokatwa kama kwato ya farasi. Dawa ya kusafishia kichwa ilipoanza kutiririka nikaweka taulo chini ya shingo, na ilipokwisha nikaliondoa. Hiyo ya kuondoa ndiyo nyinyi mnasahau. Taulo lililolowa dawa likikaa saa nane, linachoma kama pasi.

"Mama Mito, umeleta duka lote?" Barasa akauliza.

"Bado pazia."

Saa tatu za kwanza zilikwenda vizuri. Kwenye runinga ya hadubini niliona ubongo wa mtoto ukipumua, na lile fundo, jekundu na buluu, likipigapiga. Saa ya nne daktari akaomba meza iinamishwe. Ikainamishwa. Mtoto akateleza kidogo, upana wa kidole tu, lakini mimi niliuona ule mkunjo mpya kwenye shuka karibu na bega. Bega likisogea na kichwa kikibaki, sikio linakwenda wapi?

"Daktari, naomba niangalie sikio."

"La."

"Limekunjika, nadhani."

"Nimeshika mshipa mkubwa hapa. Ukimtikisa tumemaliza. Ngoja niseme."

Ule mto ulikuwa wangu. Ule mshazari ulikuwa wazo langu. Nilisimama nikihesabu pumzi za mashine. Kila pumzi niliona sikio lile, dogo kama jani la kunde, limekunjwa mara mbili chini ya kichwa kizito, upande ambao hata angekuwa macho asingejua. Hata Barasa alikuwa ameacha mzaha, na Barasa akiacha mzaha ujue mambo ni magumu.

"Sasa," daktari akasema. "Mikono yangu iko nje. Una dakika moja."

Nikaingia chini ya mashuka kwa magoti, kama fundi wa gari. Giza, joto, harufu ya dawa. Kiganja kikapanda kwenye shavu, kikafika. Lilikuwa limekunjika kweli. Nikainua kichwa unene wa sarafu huku Barasa akishika mpira wa kupumulia, nikalinyoosha, nikalaza, nikazungusha kidole kuhakikisha. Nilipotoka, kofia ilikuwa imebaki huko chini na nywele zangu zimesimama. Daktari aliniangalia juu ya barakoa.

"Umepata?"

"Nimepata."

"Basi vaa kofia. Unatutisha."

Fundo likatoka alasiri. Lilikuwa dogo kama zabibu. Nilitarajia kitu kikubwa zaidi kwa jinsi lilivyotusumbua. Wengine walipongezana. Mimi nilikuwa na kazi yangu. Nyonga: baridi, laini kuliko asubuhi. Visigino, magoti, bega, paja lenye bamba: baridi. Sikio: joto. Gumu ukingoni. Nikaandika hivyo hivyo kwenye faili, kwa herufi kubwa, na jina langu chini yake.

Kisha nikaenda kumwambia Kukhu. Nilimweleza kila kitu, pamoja na kwamba mshazari ulikuwa wangu. Alisikiliza, akauliza swali moja tu: "Litakatika?"

"Sijui, Kukhu. Siku tatu zitatuambia."

"Basi tutalinda siku tatu."

Tukalinda. Sikio halikuguswa na mto wala shuka wala bandeji. Kila zamu niliyotoka nilipitia wodini, na kila nilipofika nilimkuta Kukhu ameshanitangulia, mgongo wa kiganja chake juu ya sikio. Nilikuwa nimemfundisha mara moja, ingawa sidhani kama alihitaji. Siku ya kwanza tulikubaliana: joto. Siku ya pili tuligombana. Yeye alisema limepungua, mimi nikasema bado, sista wa wodi akaitwa kuamua, akasema sisi wote twende tukanywe chai.

Siku ya tatu niliingia kutoka nje, mvua imeninyeshea. Nafula alikuwa macho, amelala chali, anatazama dari. Alikuwa amesema maneno machache tangu aamke, mengi ya kuomba soda. Nikainama, nikaweka mgongo wa kiganja kwenye sikio la kulia. Nikangoja joto. Halikuwepo. Nikabonyeza ukingo, ukarudi. Nikahamia shavuni kulinganisha, nikarudi sikioni, kwa sababu sikuamini.

Nafula akakunja uso.

"Toa mkono," akasema. "Iko baridi."

Sikutoa. Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamtazama Kukhu, naye alikuwa amesimama na kikombe mkononi bila kunywa. Ule ulikuwa upande wa kulia. Upande ambao kwa mwezi mzima ungeweza kuumwagia maji ya barafu na mtoto akaendelea kutazama nje dirishani.

"Umesema nini, mama?" nikamuuliza Nafula.

"Mkono yako iko baridi. Toa."

Kukhu Anjelina akaweka kikombe chini taratibu, akajifunga kitambaa chake kichwani upya kama mtu anayekwenda kanisani, akanigeukia.

"Si amesema utoe?" akasema. "Toa."

Lakini nilipoutoa mkono wangu, yeye akaweka wake.